Mchoro mmoja wa njozi umegeuka ulimwengu mzima: niukate, niugawe au niuache?

*"Mwaka jana nilianza mchoro mmoja wa kidijitali: mlinzi wa kike amesimama mbele ya lango lililochongwa ndani ya mzizi wa mti mkubwa kuliko mlima. Nilijipa wiki tatu. Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Nimepanua kanvasi mara tatu ili mji ulio nyuma ya lango uonekane, nimebuni koo saba zinazoishi humo, ramani yao, maandishi yao na mavazi yao, na leya, yaani tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine, zimepita mia mbili. Kompyuta inakwama kila ninapohifadhi. Majengo ya pembeni yananiudhi na nimeyarudia mara nyingi, na kila nikimtazama mlinzi naona uso wake ni wa kiwango cha chini. Rafiki mmoja anasema sina nidhamu. Mwingine anasema kazi kubwa zote huanza hivi, ninunue tu kompyuta yenye nguvu. Je, nianze upya, niendelee, au nikubali kwamba nimeshindwa?"*

Nakushukuru kwa kueleza mambo yako hatua kwa hatua, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo hayo. Kama nimekuelewa vizuri, ukubwa wa mchoro haukusumbui sana. Kinachokusumbua ni kwamba umekua bila wewe kuamua ukue, na sasa huoni mahali ambapo utaweza kuweka kalamu chini na kusema umekwisha. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo neno "kushindwa" silikubali, na wazo la kuanza upya silikubali pia, isipokuwa kwa sehemu moja nitakayoitaja baadaye. Ninachopendekeza ni utoe nakala ya faili lako, uukate mchoro wa lango kutoka ndani yake, uumalize huo peke yake, na mengine yote uyahifadhi kama msingi wa kazi nyingine. Nitaeleza sababu zake kwa kirefu, kwa kuwa ushauri usio na sababu hautakufaa utakapoanza mchoro unaofuata.

Tuanze na nidhamu. Mtu anayerudi kwenye kazi ileile kwa miezi kumi na minne hawezi kuambiwa hana nidhamu. Alichokosa ni mpaka, na zamani wachoraji wengi hawakulazimika kujiwekea mpaka wenyewe kwa sababu waliwekewa na vifaa vyao. Mchoraji wa ukutani aliyetumia lipu mbichi alipaka kiasi cha lipu alichoweza kukitia rangi kabla hakijakauka, na sehemu iliyobaki wazi mwisho wa siku ilikatwa na kuondolewa, ikapakwa lipu nyingine siku iliyofuata. Karatasi ina ukingo. Rangi ya mafuta hudai muda wa kukauka. Katika kompyuta vizuizi hivyo vyote vimeondoka: kanvasi hupanuliwa kwa amri moja, kosa hutenduliwa, rangi haiishi, na hakuna kitu chochote kinachokuambia kwamba umefika mwisho. Uhuru huo ni neema kubwa na sitaki uuogope, lakini unamhamishia msanii kazi ambayo zamani ilifanywa na lipu na karatasi, na ni nadra mtu kufundishwa kazi hiyo.

Sanaa ya njozi inaongeza ugumu wa pili. Anayechora mandhari iliyo mbele ya macho yake anaweza kulinganisha mchoro na kitu chenyewe na kuona kwamba yametosha. Wewe huna cha kulinganisha nacho, kwani kila kitu kimo kichwani mwako, na kila jibu unalolitoa huzaa swali. Lango limechongwa, basi kuna wachongaji. Wachongaji wana mji, mji una koo, koo zina mavazi na maandishi. Mnyororo huo haukuonyeshi kwamba umepotea njia. Ndivyo ubunifu wa ulimwengu unavyofanya kazi. Tatizo ni kwamba ulijibu kila swali ndani ya faili lilelile, kwa hiyo kila wazo lililostahili mistari michache kwenye daftari likageuka kuwa leya kumi.

Rafiki yako wa pili ana ukweli nusu. Ni kweli kwamba kazi kubwa huweza kukua kupita agizo la kwanza. Michelangelo, msanii wa Italia, alipopewa dari la kanisa la Sistine kule Vatikani mwaka 1508, mpango wa awali ulikuwa wa mitume kumi na wawili pamoja na mapambo. Alipomaliza mwaka 1512 dari lilikuwa na watu zaidi ya 300. Watu hupenda kuutaja mfano huu kuthibitisha kwamba msanii mkubwa hafungwi na mipaka. Mimi nausoma kinyume chake. Idadi ya watu iliongezeka, lakini dari halikuongezeka hata kidogo, na kuta zake, matao yake na ahadi yake kwa Papa vilibaki palepale. Jambo la pili ndilo ninalolipenda zaidi: kazi ilifanywa kwa awamu mbili, na jukwaa lilipoondolewa chini ya nusu ya kwanza aliweza kuitazama kazi yake kutoka sakafuni. Matukio ya awali, kama lile la gharika, yamejaa watu wengi wadogo. Yale ya awamu ya pili yana watu wachache na wakubwa zaidi. Kazi iliyokuwa imekua ilipunguzwa katikati ya safari, na ilipunguzwa baada ya kutazamwa kutoka mahali atakaposimama mtazamaji. Katika miezi yako kumi na minne, hatua hiyo ya kushuka na kutazama kutoka sakafuni ndiyo sijaiona.

Kuhusu zile wiki tatu, usijilaumu sana. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao waliulizwa wangemaliza lini. Kwa wastani walikadiria siku 33.9, kwa wastani walimaliza baada ya siku 55.5, na waliomaliza ndani ya muda waliojipangia hawakufika theluthi moja. Hawa walikuwa na mada iliyokwisha kuamuliwa na tarehe ya kuwasilisha. Chanzo kinachoelezwa na watafiti ni kwamba tunapokadiria tunaitazama kazi iliyo mbele yetu kama hadithi inayokwenda sawasawa, na hatuangalii kazi zetu zilizopita zilichukua muda gani. Kwa hiyo kadirio lako lijalo lisitokane na matumaini. Chukua vitu vitatu ulivyovikamilisha ndani ya mchoro huu, kwa mfano vazi moja, jengo moja na uso mmoja, kumbuka kila kimoja kilichukua muda gani hasa, kisha uvihesabu vilivyobaki kwa kipimo hicho.

Sasa niingie kwenye kompyuta inayokwama, kwa sababu hapa pana hesabu rahisi inayofafanua mengi. Tuchukue mfano wa kanvasi yenye pikseli 3508 kwa 4961, ambayo inatosha kuchapwa kwenye karatasi ya A3 kwa nukta 300 kila inchi. Hizo ni pikseli milioni 17.4. Kila pikseli katika hali ya kawaida huchukua baiti nne, tatu za rangi na moja ya uwazi, kwa hiyo leya moja iliyojaa huchukua karibu megabaiti 70 za kumbukumbu. Ukiongeza urefu na upana mara mbili, pikseli haziongezeki mara mbili. Zinaongezeka mara nne, na leya ileile inakaribia megabaiti 280. Ukichora katika hali ya biti 16 badala ya biti 8, yaani kila rangi ikipewa baiti mbili badala ya moja, hesabu inazidishwa mara mbili tena. Programu nyingi hazihesabu sehemu tupu za leya, na hiyo ndiyo sababu faili lako bado linafunguka, lakini kumbukumbu ya hatua za kutendua nayo inadai nafasi yake, na nafasi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikiisha kompyuta huanza kutumia diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Jua pia kwamba faili la PSD, muundo wa kawaida wa programu ya Photoshop, lina kikomo cha gigabaiti 2 na pikseli 30,000 kila upande. Ukikaribia hapo, Photoshop itakutaka uhifadhi kwa muundo wa PSB, ulio wa faili kubwa.

Je, kompyuta mpya itasaidia? Itasaidia kuhifadhi haraka, na kama RAM yako ni ndogo, kuiongeza ni matumizi ya busara. Lakini nakushauri usubiri hadi uwe umekata mchoro. Kwa hali ilivyo sasa, nguvu zaidi zitaondoa kizuizi pekee kilichobaki, na miezi sita ijayo utakuwa na leya mia nne.

Majengo ya pembeni yananipa wasiwasi zaidi kuliko kompyuta, kwani nadhani umekuwa ukijilaumu kwa kosa ambalo si la mkono wako. Ulipoanza, ulipanga mstari wa upeo wa macho na nukta za kutokomea, yaani mahali ambapo mistari inayokwenda mbali huonekana kukutana, kwa ajili ya mtu mmoja na lango moja. Mpangilio wa namna hiyo unaaminika ndani ya eneo fulani tu. Wachoraji hufundishwa kuiweka picha ndani ya pembe ya kuona ya takriban nyuzi 60, kwa sababu nje ya hapo umbo lililochorwa kwa usahihi kabisa huonekana limevutwa na kupinda. Ulipopanua kanvasi mara tatu huku nukta za kutokomea zikibaki zilipokuwa, mji wako ulitoka nje ya eneo hilo. Unaweza kuyarudia majengo hayo mara ishirini zaidi na yatazidi kukuudhi, kwa sababu kadiri unavyoufuata mpangilio kwa uaminifu ndivyo yanavyozidi kuvutika. Hapa ndipo pale nilipokubali kuanza upya: mji, siku utakapouchora, unahitaji mistari yake mipya ya msingi, yenye nukta za kutokomea zilizowekwa mbali zaidi, kabla ya kutia rangi yoyote. Kuupanua mchoro wa lango hakutazaa mchoro mzuri wa mji.

Upanuzi una athari nyingine ambayo huenda umeiona bila kuielewa. Kuongeza eneo la kanvasi ni jambo moja, na kuikuza picha yenyewe ni jambo jingine. Ukikuza picha iliyokwisha kuchorwa, programu hubuni pikseli za katikati kwa kukadiria kutoka zile za jirani, na haiwezi kuleta undani ambao hukuuchora. Kama mojawapo ya zile mara tatu ilikuwa ya kukuza, mlinzi wako sasa ana kingo laini zilizofifia huku mapambo uliyoyachora juzi yakiwa makali, na jicho linavutwa na kilicho kikali. Mhusika mkuu anafifia mbele ya vigae vya paa.

Na hilo linatufikisha kwenye uso wake. Umechora kwa zaidi ya mwaka, kwa hiyo mkono wako na jicho lako si vile vya mwanzo; ni kawaida sehemu za zamani zionekane dhaifu kuliko mpya. Ukiurekebisha uso leo ulingane na majengo ya leo, baada ya miezi michache majengo yataonekana dhaifu mbele ya uso. Mzunguko huu hauna mwisho wake wenyewe, kwa kuwa kinachouendesha ni maendeleo yako, na maendeleo hayo ni jambo jema. Kipimo ninachokutakia ukitumie ni cha mtazamaji: ipunguze picha hadi itoshe kiganjani, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha igeuze kushoto kuwa kulia. Kasoro inayoonekana katika hali hizo tatu inaharibu mchoro, basi irekebishe. Kasoro unayoiona ukivuta karibu tu, iache. Itakuwa ushahidi wa mahali ulipokuwa wakati ule, na mtazamaji hatakudai zaidi.

Njia ulizonazo nitazipima kwa uwazi. Kuendelea kama ulivyo kunawezekana, na wapo wanaofurahia mchoro mmoja wa miaka mingi, ila ujue gharama: katika picha moja kila kitu kipya kinagusa vingine vyote, kwa maana taa moja ukiiwasha mjini italazimu kubadilisha vivuli hadi kwenye vazi la mlinzi. Kuugawa uwe mfululizo wa michoro ndiyo njia ninayoipenda kwa mji na zile koo saba, kwa sharti kwamba vipimo vya kila mchoro na idadi yake viamuliwe kabla ya mchoro wa kwanza, maana mfululizo nao hukua. Kuuacha kabisa ni haki yako, na wala si aibu, ikiwa furaha yenyewe imekwisha. Unapoamua hilo usiihesabu miezi kumi na minne, kwani haitarudi ukiendelea wala ukiacha. Jiulize tu kama saa za mwezi ujao ungependa kuzitumia hapa. Lakini sioni katika maneno yako mtu aliyechoka na lango lake. Namwona mtu aliyechoshwa na kutoona mwisho.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya yote, hifadhi faili lote mahali pawili tofauti, mojawapo nje ya kompyuta hiyo, na nakala hizo usiziguse tena. Fungua nakala ya tatu, uikate irudi kwenye ukingo wa mchoro wa kwanza au karibu nao, kisha uzime leya zote ambazo haziingii ndani ya ukingo huo. Zilizobaki ziunganishe kwa makundi machache: mlinzi, lango, mzizi, mbali, hewa. Faili litapungua kwa kiasi kitakachokushangaza. Baada ya hapo andika sentensi moja inayosema mchoro huu unaonyesha nini. Yako inaweza kuwa, "Mtu mdogo analinda kitu kikubwa kuliko yeye." Kila kinachoitumikia sentensi hiyo kinabaki, kingine, hata kiwe kizuri namna gani, kinakwenda kwenye hifadhi.

Hapo utaumia kidogo, na nataka ujiandae. Maandishi ya ile lugha uliyoibuni yako kwenye lango na wewe unajua kila herufi inasema nini, ilhali mtazamaji ataona michongo tu. Wewe unaujua ukoo wa mlinzi kwa pindo la vazi lake. Yeye ataona pindo jekundu. Kazi uliyoifanya kwenye koo, ramani na lugha haijapotea kwa kutoonekana, kwa sababu ndiyo iliyokufanya uchague pindo hilo badala ya jingine na kumsimamisha mlinzi namna alivyosimama, na mchoro uliojengwa juu ya ujuzi wa namna hiyo huwa na uzito ambao mtazamaji huuhisi bila kuambiwa. Ila mtazamaji hawezi kuubeba ujuzi wote kwa mara moja, na picha moja haiwezi kumpa.

Mawazo mapya yatakuja ukiwa katikati ya kumalizia. Huja zaidi wakati huo kuliko wakati wowote, kwa kuwa sehemu ya kumalizia ni ngumu na wazo jipya halijawa gumu bado. Yaandike kwenye daftari au uyachore kwa penseli ukubwa wa stempu, kisha urudi kwenye mchoro. Ukiwahi kuchora kwa ajili ya mteja, hayo yote yawekwe kwenye maandishi kabla ya kuanza: picha ngapi, ukubwa gani, marekebisho mara ngapi, na nyongeza zitalipwaje.

Yapo mambo ambayo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Kwa mchoro wenyewe, tafuta mchoraji mwenye uzoefu, chapa picha kwenye karatasi, mkae meza moja, na umwache aitazame kabla hujamsimulia chochote. Mahali macho yake yanapoanzia na yanapokwama patakufundisha zaidi ya maelezo yangu. Kama faili likikataa kufunguka au diski ikianza kutoa sauti ya kugonga, acha kuhifadhi chochote kwenye diski hiyo na umpelekee fundi wa kuokoa data, kwa sababu kila jaribio linaweza kufuta kilichobaki. Kama unakosa usingizi kwa ajili ya mchoro, umeanza kukosa kazi au masomo, au unahisi huwezi kuacha kurekebisha hata pale unapotaka kuacha, zungumza ana kwa ana na mshauri wa afya ya akili. Hilo linatibika na halihusiani na kipaji chako. Na baada ya miezi kumi na minne ya kalamu, usipuuze mkono. Ganzi au mchomo kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ukikuamsha usiku, au vitu vikianza kukuponyoka mkononi, ni dalili za mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na zikicheleweshwa zinaweza kuacha udhaifu wa kudumu. Nenda kwa daktari, umweleze unachora saa ngapi kwa siku na unaishikaje kalamu, na uende na tableti yenyewe ya kuchorea kama inabebeka, ili aone mkono wako unavyokaa unapofanya kazi.